Shajara ya mradi: siku ya riwaya za upelelezi maktabani, Mombasa

Jumanne, 3 Juni

Tarehe imepatikana: Jumamosi 16 Agosti, saa 2:30 asubuhi hadi saa 11 jioni. Shule zitakuwa zimefungwa, masika imeshapita, na joto la Agosti linavumilika hata ukumbi ukijaa. Tatizo la mwezi huo ni kusi, maana madirisha ya ukumbi wa chini yanatazama upande unaotoka upepo. Kila karatasi itakayowekwa mezani itahitaji kitu cha kuikalia.

Tulicho nacho: ukumbi wa chini wenye viti 60, chumba cha watoto, chumba cha kusomea ghorofani na kibaraza cha nje. Bajeti ni shilingi 38,000, na zaidi ya nusu itaenda kwenye uchapishaji.

Orodha ya kwanza ilikuwa na vipindi 11. Tumefuta 5. Kinachobeba siku ni kisa cha kupeleleza, kinachoanza asubuhi na kufumbuliwa jioni. Mazungumzo, warsha na meza ya alama za vidole vitaning'inia juu yake. Mtu akija kusikiliza tu, baada ya dakika 40 anatafuta viatu. Aliye na fumbo nusu mfukoni habanduki.

Alhamisi, 19 Juni

Kisa kimeandikwa, na tumeanzia mwisho. Tuliamua kwanza nani kaiba, vipi, na ni kosa gani moja lililomfichua, kisha tukarudi nyuma kupanda vidokezo. Ukianzia mwanzo utapata mwizi mzuri asiyeweza kushikika kwa haki.

Hakuna maiti. Familia zitakuja na watoto wa miaka 9, na wizi unatosha. Hati ya mashairi imetoweka kwenye kabati la kioo, na mlinzi wa zamu amekutwa kalala fofofo na ganda la pipi mfukoni. Washukiwa ni 6: mlinzi mwenyewe, mpiga chapa, mjukuu wa malenga, muuza vitabu vya mitumba, mtafiti mgeni, na bibi mwenye nyumba iliyokutwa hati hiyo mara ya kwanza.

Kidokezo kikuu ni kikaratasi cha mstari mmoja, kimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee: *nimempa bibi*. Kila mtu atamkimbilia yule bibi, na hapo ndipo mtego ulipo. Katika maandishi ya zamani wengi hawakuwa na herufi ya pekee ya P. Waliandika ba, yaani B ya Kiarabu yenye nukta moja chini, wakamwachia msomaji ajue. Kwa hivyo *bibi* na *pipi* ni neno moja kwenye karatasi. Mwandishi wa kikaratasi anasema amempa mlinzi pipi.

Je, ni haki kumtega msomaji hivyo? Ni haki, kwa sababu ufunguo umo kwenye mstari uleule. P ya *nimempa* nayo imeandikwa kwa ba. Anayeisoma *nimempa* bila kusita ameshakubali kwamba ba ya mwandishi huyu yaweza kuwa P, ila hajajiuliza mara ya pili. Kidokezo cha namna hii ndicho tunachokitaka: kiko wazi mbele ya macho tangu asubuhi.

Njia ya kufikia mwizi ni mbili zikikutana. Alama ya kidole kwenye kioo inawapunguza washukiwa kutoka 6 hadi 2, mjukuu na muuza vitabu. Halafu mwandiko unamaliza: mjukuu, kwenye barua yake, anaandika P kwa nukta tatu chini, mtindo wa Kiajemi. Muuza vitabu, kwenye risiti, ameandika *pesa* kwa ba.

Jumatano, 9 Julai

Gurudumu la mafumbo. Duara mbili za manila, kubwa kipenyo sentimita 12, dogo sentimita 9, zimeshikwa katikati kwa pini ya shaba ya kupasua miguu. Kila duara lina herufi zote, na ukizungusha dogo unapata herufi ya kubadilishia.

Sampuli za magurudumu haya zinazopatikana kwa wingi ni za herufi 26. Usizitumie. Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24: hamna Q wala X, na C haisimami peke yake, iko CH. Hesabu yake ni tamu: digrii 360 ukigawa kwa 24 unapata 15 kamili, na mtoto mwenye protrakta anachora mwenyewe. Ukigawa kwa 26 unapata digrii 13 na vipande.

Tumekata 60. Kumi na moja tumezitupa kwa sababu ya tundu. Likienda pembeni milimita 4 tu kwenye duara la nusu kipenyo sentimita 4.5, herufi zinahama digrii 5, yaani theluthi nzima ya nafasi, na mtu hajui asome ya kulia au ya kushoto. Dawa ni kutoboa kwanza kwa sindano kwenye alama ya bikari, kisha kupanua kwa penseli. Mkasi usiingie hapo. Nyuma ya tundu bandika kipande cha karatasi ya gundi, la sivyo manila inachanika baada ya mizunguko michache.

Fumbo lenyewe halina nguvu kubwa, na hatulidai iwe nayo. Kwa herufi 24 kuna mizunguko 23 tu ya kujaribu. Watu 6 wakigawana, kila mmoja minne, wamemaliza kabla kahawa haijapoa. Kuna na njia fupi zaidi: maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote, kwa hivyo anayetazama miisho ya maneno anaung'oa ufunguo bila gurudumu. Tumeondoa nafasi kati ya maneno na kuziandika herufi tanotano. Inatosha.

Ufunguo unatoka kwenye rafu. Vitabu vimepangwa kwa namba za Dewey, mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa mada, na fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Jumlisha tarakimu: 8+9+6+3+9+2 ni 37. Ondoa mzunguko mmoja wa 24, zinabaki 13. Zungusha hatua 13.

Jumamosi, 19 Julai

Jaribio la kwanza, vikundi 4 vya watu ambao hawakuhusika na maandalizi. Sharti hilo halina mjadala. Anayejua jibu hawezi kuona shimo.

Mashimo yalikuwa matatu.

La kwanza ni CH. Neno CHINI likizungushwa hatua 13 linakuwa P, W, CH, W. Kwenye kadi tulichapa PWCHW, na vikundi vitatu vikaitafuta C kwenye gurudumu, vikaikosa, vikaamua kadi imekosewa. Herufi moja yenye sura mbili ikichapwa ndani ya mfululizo inasomeka mbili. Kuanzia sasa kila herufi iko ndani ya kijisanduku chake, na CH inakaa kwenye sanduku moja.

La pili ni upande wa kuzungusha. Maagizo yalisema "zungusha hatua 13", na nusu ya watu walikwenda kulia, nusu kushoto. Hatua 13 mbele si sawa na 13 nyuma. Tuliandika maagizo upya mara mbili, yakazidi kuwa marefu na watu wakazidi kupotea. Mwisho tumebadilisha namba badala ya maneno. Ufunguo ukiwa 12, nusu kamili ya 24, kulia na kushoto unafika palepale, na kufumba na kufumbua kunakuwa kitendo kimoja. Tukapekua namba za rafu kutafuta inayojumlika 12. Ikapatikana 614.1, na hiyo kwa Dewey ni tiba ya kisheria, elimu ya madaktari wanaochunguza ushahidi wa jinai. Hata tungeagiza isingepatikana bora. Kwa ufunguo mpya CHINI inaandikwa O, V, B, V.

La tatu liliwaumiza wahudumu wa maktaba. Vidokezo vilikuwa ndani ya vitabu, na wachezaji hawatoi kitabu kimoja, wanang'oa rafu. Kurudisha vitabu mahali pake kulichukua dakika 40, na viwili vilipasuka mgongo. Kidokezo sasa kinakaa kwenye bahasha iliyobandikwa ubavuni mwa rafu, urefu wa kifua cha mtoto, na maagizo yanasema kwa herufi nene: hakuna kitu ndani ya kitabu chochote.

Jambo moja la pembeni. Kikaratasi cha *bibi* kilifumbuliwa kwa dakika moja na kikundi chenye mzee aliyesoma chuo cha Kurani utotoni. Kikundi cha vijana watupu kilikikodolea macho. Hatutakirahisisha. Tutachanganya vikundi mlangoni, kila kimoja kiwe na mtu mzima, na kila kikundi kipewe jedwali la herufi na irabu. Kijana atakayeketi na babu wa watu akimwomba amsomee mstari ameshapata nusu ya alichokuja kutafuta.

Jumanne, 29 Julai

Meza ya alama za vidole. Vifaa kwa meza moja ya watoto 6: glasi 6 za kawaida, poda robo kijiko cha chai, brashi 3 laini za kupakia poda ya uso, selotepu angavu ya inchi 2, kadi nyeupe za saizi ya kadi ya posta, na lenzi 2.

Poda. Kakao, inayopendekezwa kila mahali, imeshindwa. Hewa ya pwani ina unyevu, kakao inanyonya na kuganda, na kwenye glasi inaacha matope badala ya mistari. Kilichofanya kazi ni risasi ya penseli ya 2B iliyosuguliwa kwenye msasa laini. Weka poda kwenye chupa yenye kifuniko na punje chache za mchele mkavu, chuja kabla ya kutumia.

Glasi. Iwe na joto la chumba. Soda iliyotoka kwenye friji inatoka jasho kwa nje, na poda ikigusa maji hakuna alama tena. Futa glasi kwa kitambaa kikavu, usitumie sabuni yenye mafuta.

Kidole. Mtoto aliyetoka kunawa haachi alama, na hili liliwachanganya wasimamizi mpaka wakadhani poda imeharibika. Kinachobaki kwenye kioo ni jasho na mafuta, na ncha ya kidole haina tezi za mafuta. Inayaokota kwenye uso na nywele. Mwambie ajipapase paji la uso, asubiri, kisha abonyeze mara moja bila kuburuta. Kinyume chake ni yule anayetoka kula viazi karai: alama yake ni doa moja zito, mistari imezama. Hina haizuii kitu, inatia ngozi rangi tu.

Brashi. Kosa la kila anayeanza ni kusugua. Ncha za nywele ziguse tu, na mistari ikianza kuonekana fuata mwelekeo wake. Ukibonyeza unaifuta uliyokuja kuitafuta, na hakuna ya pili. Selotepu ishuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ukiilaza kwa kidole gumba ili hewa isibaki chini yake.

Bango la ukutani lina maumbo matatu: kitanzi, ambacho ni karibu asilimia 60 hadi 65 ya alama zote, duara asilimia 30 hadi 35, na tao asilimia 5 hivi. Ndiyo maana muuza vitabu na mjukuu wote wawili wamepewa kitanzi. Umbo la alama linaondoa washukiwa kwenye orodha, halimtaji mtu. Kinachomtaja mtu ni vituo vidogo ndani ya mistari, pale inapokatika au kugawanyika. Tumeweka na mstari mmoja wa historia: mwaka 1892 huko Argentina, kwa mfumo wa Juan Vucetich, alama ya kidole chenye damu mlangoni ilisaidia kutatua kesi ya mauaji.

Kadi zote za alama zinaondoka na wenyewe. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka alama za vidole kwenye data nyeti, na maktaba haina sababu ya kuwa na sanduku la vidole vya watoto.

Ijumaa, 8 Agosti

Mazungumzo ni mawili, dakika 45 kila moja.

La asubuhi ni safari ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Inaanzia Unguja kwa Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, aliyezaliwa kwenye hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kutoka kitabu mwaka 1960. Kisha Faraji Katalambulla mwaka 1965, halafu Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Tumemwomba mwongozaji asiwaweke wote kapu moja. Bwana Msa anakaa, anavuta, anafikiri. Willy Gamba ni mtu wa serikali, ana bastola na tiketi ya ndege. Ni aina mbili za riwaya, na wasomaji wa kila upande wana ubishi wao. Ubishi huo ndio kipindi.

Kuhusu hakimiliki: Kenya inalinda kazi miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Abdulla alifariki 1991, kwa hivyo hesabu bado. Kusoma kipande cha kadiri hadharani kwa kumtaja mwandishi kunaruhusiwa. Kutoa fotokopi ya sura nzima na kuigawa viti 60 si kusoma kipande, na pendekezo hilo limekataliwa ingawa lilikuja na nia njema.

La mchana ni afisa mstaafu wa upelelezi na wakili mmoja, juu ya njia ya ushahidi kutoka mahali pa tukio hadi kizimbani. Tumekubaliana mapema: hakuna kesi iliyo mahakamani, hakuna jina la mtu. Maswali yataandikwa kwenye vikadi, mistari 3. Mombasa ukimpa mtu kipaza sauti aulize swali, atatoa hotuba, kisha shairi.

Sauti: feni za dari zikiwa kasi ya 4 kipaza sauti kinavuma kama mashua. Kasi ya 2 ndiyo mwisho. Ukuta wa saruji unarudisha mwangwi. Mikeka 5 iliyotundikwa nyuma imepunguza sana.

Ijumaa, 15 Agosti

Ratiba ya mwisho imebandikwa, saa zote kwa Kiswahili. Bango la awali lilikuwa na "9:00" juu na "saa 3" chini, na simu mbili zimepigwa kuuliza kama kuna vipindi viwili.

Adhuhuri inaingia saa 6 u nusu, alasiri saa 10 kasoro robo. Mapumziko ni saa 6:15 hadi 7:30. Ufumbuzi tuliuweka saa 9:30, tumeusogeza hadi 10:20. Ukianza 9:30, nusu ya ukumbi inaondoka kabla ya mwizi kutajwa.

Kufungua nako kumebadilika. Wanaovuka kwa feri kutoka Likoni hawana uhakika wa dakika, kwa hivyo saa ya kwanza ni ya meza ya vidole na kutengeneza magurudumu. Maelezo ya kisa yatatolewa saa 3:30.

Chakula ni kibarazani tu: mahamri na mbaazi, viazi karai, kahawa chungu. Ndoo ya maji na sabuni iko mlangoni, na anayenawa aelekezwe kwenye vitabu, si kwenye meza ya vidole.

Jumamosi, 16 Agosti

Walioingia 143, vikundi vya kisa 19. Tulikuwa na pakiti 20 za kisa.

Saa 4 upepo ulibeba kadi za washukiwa za meza mbili za dirishani. Tulikuwa tumeandaa vijiwe vya kuzikalia, watoto wakavihamisha kuchezea. Afadhali klipu, tena zilizofungwa kwa kamba mezani.

Saa 8:10 stima ikapotea, dakika 35. Mazungumzo ya mchana yalihamia kibarazani bila kipaza sauti, na yalikuwa mazuri zaidi, maana watu waliketi karibu. Afisa mstaafu alichukua glasi moja ya meza ya vidole, akaishika kwa ndani kwa vidole viwili vilivyopanuliwa, akaonyesha inavyobebwa bila kugusa ubavu wa nje. Wasimamizi wetu walikuwa wakizishika vibaya tangu asubuhi.

Ufunguo wa 12 haukumkwamisha mtu hata mmoja. CH bado ilikwamisha vikundi viwili. Kosa jipya lilikuwa kwenye 614.1: kikundi kimoja kilisoma nukta kama alama ya kuzidisha, wakapata 614.

Ufumbuzi: vikundi 12 vilimtaja muuza vitabu, 5 bibi, 2 mlinzi. Kati ya wale 12, watatu walifika kwa alama ya kidole na bahati, hawakuitazama ba. Mwongozaji alipoandika *nimempa bibi* ubaoni kwa khati ya Kiarabu na kuweka kidole chini ya nukta ya neno la kwanza, ukumbi ulinyamaza, kisha mama mmoja nyuma akasema "Pipi!" kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Bibi mmoja alilalamika kwamba mchezo umemwonea bibi. Hoja yake ina uzito: mshukiwa wa uongo hakupewa nafasi ya kujitetea popote kwenye kadi.

Jumanne, 19 Agosti

Marekebisho ya pakiti kabla haijaazimwa na maktaba nyingine: kadi ya bibi iongezewe ushahidi wa kumtoa, mistari 2 inatosha, nukta ya 614.1 izungukwe kwa duara na maandishi "usihesabu". Sampuli ya risiti ichapwe kubwa, nukta za khati zilikuwa chini ya milimita moja na wazee watatu waliomba lenzi.

Fedha: zimetumika shilingi 36,450. Zilizobaki zimenunua manila.

Bahasha ya rafu ya 398.9 haijarudi. Brashi 3 bado zina risasi ya penseli. Zioshwe kwa sabuni ya maji, zikaushwe kivulini nywele zikitazama chini, gundi isije ikalainika.